Tuutunze Mto Hata Ukiwa Mkavu

Ndugu zangu wananchi wa Dodoma, pamoja nanyi majirani zetu wa Singida, Manyara na Iringa, mto ukishakauka unakuwa mali ya nani?

Wakati wa masika hakuna anayeuliza swali hili. Maji yanapita kwa kishindo, watoto wanakatazwa kusogea ukingoni, na kila mtu anaupisha mto upite. Lakini ikifika Agosti, maji yakishatoweka juu ya mchanga, mto ule ule unageuka njia ya mikokoteni, uwanja wa mpira, machimbo ya mchanga na, mahali pengine, jalala. Tunauchukulia kama kiwanja kisicho na mwenyewe.

Leo naomba tuzungumze habari za miezi hiyo ya kiangazi. Mto mkavu haujafa. Una viumbe wanaosubiri, una maji yaliyojificha, na una kazi inayoendelea chini ya nyayo zetu. Tukiutunza wakati huu ambao haufanani na mto, ndipo mvua itakaporudi tutaukuta ungali mzima.

Tuanze na hali ya nchi yetu. Sisi wa uwanda wa kati hatukupewa mvua nyingi. Mwaka wa kawaida Dodoma hupata milimita 550 hadi 600 hivi, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Novemba mbingu hufunga. Kwa hiyo mito yetu mingi ni ya msimu, na kukauka kwake peke yake si balaa. Samaki, wadudu na miti ya kandokando wameuzoea mwendo huo tangu zamani za kale.

Balaa ni ukame unaopita kipimo: mvua ikichelewa, ikikatika mapema, au ikikosekana miaka miwili mfululizo. Wazee wa Ugogo wamepokezana habari za Mtunya, njaa ya miaka ya mwisho ya Vita vya Kwanza vya Dunia na iliyofuata, pale ukame ulipokutana na vita. Wengi wetu tunaukumbuka ukame wa 2005 na 2006, ambapo maji ya Bwawa la Mtera yalishuka hadi nchi nzima ikaingia kwenye mgawo wa umeme.

Sasa nikuulize: unajua maji ya korongo la kwenu yanakwenda wapi?

Mkoa wetu umekaa mahali ambapo maji huagana. Ya Kondoa na Chemba huingia Mto Bubu, yakateremka hadi kinamasi cha Bahi. Hapo ndipo mwisho wa safari yake, baharini hayafiki. Ya Hombolo na Mpwapwa huingia Mto Kinyasungwe unaopita Gulwe na Godegode. Ukifika Kilosa huitwa Mkondoa, kisha maji yake huingia Mto Wami na kumwagika Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Ya kusini huelekea Mtera, yanakokutana na maji ya Kizigo na Ruaha Mkuu, kisha yakafuata Rufiji.

Kwa hiyo mama anayefua kando ya korongo huko Kondoa na mkulima wa mpunga wa Bahi wanatumia mto mmoja, hata kama hawajawahi kupeana mkono. Anachokifanya mmoja kinamfikia mwenzake.

Hebu tuufuate mto unavyokauka, hatua kwa hatua.

Kwanza maji hupungua kasi na kujitenga na kingo. Ni jambo dogo machoni, lakini kwenye mizizi na majani ya ukingoni ndiko vifaranga vya samaki hujificha, na ndiko baadhi ya kereng'ende hutaga mayai. Maji yakirudi nyuma hatua mbili tu, nyumba hizo zinabaki nchi kavu.

Kisha mkondo unakatika. Mto mmoja unakuwa vidimbwi kumi, ishirini, kila kimoja peke yake. Mkondo ndio uliokuwa ukileta chakula na hewa safi. Sasa kila kidimbwi kinajitegemea chini ya jua kali.

Maji yakipata joto hupoteza hewa. Katika usawa wa bahari, maji ya nyuzijoto 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubaki na chini ya 8. Hapa kwetu, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ni pungufu zaidi. Ongeza majani yanayooza na samadi ya ng'ombe wanaokuja kunywa, vyote vikila oksijeni hiyo hiyo. Usiku mwani nao unavuta hewa badala ya kuitoa. Ndiyo maana ukipita kidimbwini alfajiri unaweza kuwakuta samaki wametoa midomo juu ya maji, wanahema.

Na kila siku maji yakipungua, chumvi na uchafu vinabaki. Bwawa lililo wazi hapa kwetu linaweza kupoteza zaidi ya mita moja na nusu ya kina kwa mwaka kwa jua na upepo tu. Yangeyange na ndege wengine wanajua: wanapanga mstari ukingoni, wanakula kwa raha. Samaki hawana pa kukimbilia.

Lakini si wote wanaokufa, na hapa ndipo moyo wangu unapopata tumaini.

Wadudu wenye mabawa huruka kutafuta maji kwingine. Kambare ana kiungo cha kuvutia hewa ya nje, na majani yakiwa na umande anaweza kujikokota kutoka dimbwi moja hadi jingine, perege hawezi. Vyura na kobe wa majini hujichimbia kwenye tope. Konokono hujifungia ndani ya magamba yao, wakiwemo wale wanaobeba vijidudu vya kichocho. Wadudu wachanga na minyoo wadogo hushuka chini, wakaishi katikati ya chembe za mchanga wenye unyevu.

Wapo pia samaki wadogo sana wa jamii ya Nothobranchius, wanaoishi kwenye madimbwi ya msimu, yakiwemo ya mabonde haya ya kati. Maji yakikauka, wakubwa wote hufa. Mayai yao hubaki ndani ya tope lililopasuka na kungoja. Mvua ikinyesha yanaanguliwa, na baada ya wiki chache tu vitoto vimekua na kuanza kutaga. Je, ulipokuwa ukikanyaga tope kavu kiangazi hiki, ulidhani unakanyaga kizazi kizima cha samaki?

Mambo mawili basi yanaubeba mto kutoka masika moja hadi nyingine: vidimbwi vya mwisho, na mchanga wenye unyevu pamoja na tope lake. Waliosalimika humo ndio mbegu. Mto ukifunguka, ndio wanaosambaa upya juu na chini. Kidimbwi cha mwisho kikiharibiwa, ukame wa mwaka mmoja unaacha pengo la miaka.

Jirani yetu Ruaha Mkuu ametufundisha hilo. Zamani mto ule ulitiririka mwaka mzima ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tangu 1993 umekuwa ukikatika karibu kila kiangazi. Samaki hufa kwa wingi, viboko hubanana kwenye madimbwi machache, na tembo huchimba mchanga kwa miguu na mikonga ili kupata maji, wanyama wengine wakija kunywa nyuma yao. Sababu ni nyingi zilizoshikana: mvua, mifugo, na maji yanayochepushwa huko juu kumwagilia mashamba ya mpunga. Simnyooshei kidole mtu. Wali tunaokula hapa Dodoma una maji ya Ruaha ndani yake. Somo ni kwamba ukame ukikutana na matumizi yetu makubwa, jambo lililokuwa la miaka michache linageuka la kila mwaka.

Na sisi wa mjini tunahusikaje? Sana.

Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 410,956 katika sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ilihesabu 765,179. Sehemu kubwa ya maji ya mji imekuwa ikitoka ardhini, kwenye visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora. Kina cha maji ya bonde hilo kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950, na vipimo vinaonyesha kwamba maji ya chini hayaongezeki sawasawa kila mwaka. Huongezeka zaidi katika misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya Elnino ya 1997/98. Watafiti wameonyesha pia kwamba sehemu muhimu ya maji hayo huzama kupitia vitanda vya mchanga vya mito ya msimu, ukiwemo Kinyasungwe Mdogo.

Maana yake ni nini? Ni kwamba unapofungua bomba Chang'ombe, Makole au Nkuhungu, huenda unakunywa maji yaliyopenya kwenye mchanga wa korongo miaka kadhaa iliyopita. Mchanga ule ndio mtungi wa jamaa yetu yote. Mtu hauvunji mtungi kwa sababu tu leo ameukuta mtupu.

Mama zetu walilijua hili kabla ya vipimo. Kiangazi wanachimba kisima mchangani, wanangoja kidogo, maji yanachuruzika taratibu yakiwa yamechujwa, wanayateka kwa kata mpaka ndoo ijae. Chini ya mchanga jua haliyafikii kirahisi. Wenzetu wa Kitui na Machakos nchini Kenya wamekwenda mbele zaidi: wanajenga kuta fupi za zege kukatiza makorongo, mchanga unajikusanya nyuma ya ukuta, na maji yanahifadhiwa ndani yake kwa matumizi ya kiangazi.

Mkoa wetu wenyewe umeshaonyesha kwamba ardhi iliyochoka inaweza kupona. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Vilima vya Kondoa Irangi vilikuwa vimechanwa na makorongo. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Hatua ile ilikuwa nzito kwa wafugaji, na inafaa tuwashukuru hadi leo kwa walichokipoteza. Nyasi na miti vilirudi, makorongo mengi yakatulia, na baadaye ng'ombe wa maziwa wakarudi wakifugwa kwa kulishwa zizini.

Kinyume chake tumekiona pia. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, mafuriko ya Kinyasungwe na Mkondoa yaliisomba Reli ya Kati baina ya Gulwe na Kilosa. Mto unaotunyima maji Oktoba ndio huo uliobeba reli Januari. Mlima ukiwa uchi, mvua haizami, inakimbia. Inakwenda na udongo, udongo unajaza mabwawa. Bwawa la Hombolo, lililojengwa 1957, limekuwa likipokea tope hilo masika baada ya masika.

Sasa tufanye nini, mimi na wewe? Sisemi tungoje mradi mkubwa. Nasema tuanzie pale tulipo.

Nyumbani

Je, nyumba yako ina bati? Basi una chanzo cha maji juu ya kichwa chako. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba inatoa lita moja. Chukua nyumba ya mita nane kwa sita. Paa lake ni mita za mraba 48. Kwa mvua ya milimita 550 ni lita 26,400 kwa msimu. Hata theluthi nzima ikipotea, zinabaki lita 17,600, yaani madumu 880 ya lita ishirini. Tanki la lita elfu moja linaweza kujazwa na mvua moja nzuri.

Huna uwezo wa tanki? Anza na mfereji wa bati upande mmoja na pipa moja. Mvua za kwanza ziache zioshe bati, kisha kinga. Kila ndoo unayoipata kwako ni ndoo inayobaki mchangani kwa ajili ya kiangazi, kwako na kwa viumbe wa mto.

Mama na dada zangu mnaofua korongoni, najua maji ya bomba hayajafika kila mahali. Ombi langu ni moja: tekeni maji kwa ndoo, fulieni kwenye beseni mbali na kidimbwi, na maji ya sabuni myamwage juu ya udongo mkavu, mbali na ukingo. Udongo utayachuja. Kidimbwi kidogo cha mwezi wa tisa hakina nguvu ya kuyabeba.

Taka nazo. Chupa ya plastiki na nepi tunayoitupa korongoni Agosti haiondoki. Inangoja mvua ya kwanza. Furiko la kwanza baada ya miezi mikavu hubeba kila kilichokusanyika, samadi, majani na taka zetu, likavitumbukiza mahali ambapo samaki wachache walikuwa wamesalimika. Wakati mwingine samaki walioushinda ukame wote hufa siku mvua inaporudi. Hilo tunaweza kulipunguza kwa shimo la taka na ufagio.

Shambani na malishoni

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inatuwekea mita 60 kutoka ukingo wa mto ziachwe bila shughuli za kuuharibu. Wapo ndugu zetu ambao shamba lao lote limo ndani ya mita hizo. Wakae na serikali ya kijiji watafute njia ya haki, lakini hatua ya kwanza haihitaji kikao. Acha ukanda wa nyasi ukingoni. Panda mabingobingo utakayokata kulishia mbuzi. Usiukate mkuyu. Kivuli chake kinapunguza joto la maji, na mizizi yake inashika ukingo usiporomoke.

Mvumi, Chamwino na Mpwapwa kuna wakulima wengi walioshika utaratibu wa Kisiki Hai, unaohamasishwa na shirika la LEAD Foundation. Hauhitaji mche wala fedha. Shambani mwako kuna visiki ambavyo mizizi yake bado ina uhai. Unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogoa mengine, unaweka alama ili hata mpita njia ajue mti huu unatunzwa, kisha unaulinda. Mizizi tayari iko chini, kwa hiyo mti unakua upesi kuliko mche wa kumwagilia. Mteremko ukivaa miti, maji yanazama badala ya kukimbia.

Na ukitaka kupanda mche, uangalie wakati. Siku ya Kupanda Miti kitaifa ni Aprili 1, nasi tunaiheshimu. Lakini kwa Dodoma mvua huwa zinaaga wakati huo. Mche unaopandwa Desemba au Januari una masika nzima ya kujishikiza.

Wafugaji wenzangu, mnawapenda ng'ombe wenu, na ng'ombe lazima wanywe. Je, inawezekana wasiingie ndani ya kidimbwi? Chimbeni kisima pembeni, mteke, mnyweshee kwenye birika. Kisima cha mchangani kizungushieni miiba kama walivyofanya wazee. Ng'ombe watapata maji masafi, na kinyesi hakitamaliza hewa ya samaki.

Wakulima wa zabibu, mnatutangaza nchi nzima. Bomba la kupulizia dawa lisioshwe korongoni. Lioshe shambani, maji yake yarudi shambani. Dawa inayoua wadudu wa mzabibu haiwezi kumtambua mdudu wa mtoni ikamwacha.

Na vijana wavuvi wa madimbwi, wa Bubu na wa Bahi: samaki wamebanana, kuwavua ni rahisi, na njaa ya kiangazi tunaijua. Lakini kubalianeni kuacha angalau kidimbwi kimoja chenye kina, bila chandarua na bila sumu. Huyo kambare mnayemwacha Oktoba ndiye mzazi wa mavuno ya Machi.

Kazini

Jiji letu linajengwa. Kila nyumba inataka mchanga, na vijana wengi wanakula kwa jembe na koleo la machimbo. Kazi hiyo ni halali na familia zinaitegemea. Naomba tu tuifanye kwa akili.

Mita moja ya ujazo ya mchanga mkubwa wa mtoni, ukiwa umeshiba maji, inaweza kutoa lita 200 hivi. Lori la mita saba likiondoka, imeondoka nafasi ya kuhifadhi lita 1,400, si kwa mwaka huu tu bali kwa kila masika, hadi mto utakapouleta mchanga mwingine. Basi tuchimbe pale serikali ya kijiji au mtaa ilipopatenga. Tusichimbe karibu na visima vya mchangani, tusiukate ukingo, na tukifika kwenye mchanga wenye unyevu tusimame. Hapo ndipo viumbe wamejificha, na hapo ndipo maji ya mama yako yalipo. Wakandarasi nao wanaweza kutumia vumbi la machimbo ya kokoto kwa baadhi ya matofali, mto ukapumzika.

Madereva wa bodaboda na magari, maji ya ndoo mbili yanatosha kuosha chombo, na oili isifike korongoni.

Watumishi wa ofisini, mlikuja na makao makuu ya Serikali mkatukuta na maji machache, karibuni sana. Bomba linalovuja kwenye choo cha ofisi ni la nani? Ni la aliyeliona kwanza. Toa taarifa leo. Bustani imwagiliwe alfajiri au jioni, jua linapokuwa halina nguvu. Na ukiona bomba limepasuka barabarani, waambie mamlaka ya maji, DUWASA, kabla hujaendelea na safari.

Shuleni na kwenye nyumba za ibada

Walimu, nawaombeni mwanzishe daftari la mto. Chagueni korongo moja lililo karibu na shule. Kila mwaka wanafunzi waandike tarehe maji yalipoacha kutiririka, vidimbwi vingapi vilibaki na mpaka lini, mvua ya kwanza ilifika lini, na wadudu gani walionekana. Wataalamu wetu wana mfumo wa kupima afya ya mito ya Tanzania kwa kuangalia aina za wadudu waishio majini, unaoitwa TARISS. Mtoto anayejua kumtofautisha kereng'ende mchanga na kiluwiluwi cha mbu ameshaanza njia hiyo. Baada ya miaka kumi, daftari hilo litakuwa hazina kwa kijiji na kwa wataalamu wa bodi za maji za mabonde.

Wazee, mashehe, wachungaji na mapadri, maneno yenu yanasikilizwa kuliko matangazo ya ukutani. Mnapoomba mvua, waombeni pia waumini wailinde njia yake.

Na viongozi wa vijiji na mitaa, mezani pawe na ajenda moja ya ziada kiangazi hiki: ni madimbwi gani tutayalinda? Yatajwe kwa majina, kila mwanakijiji ayajue. Zikiwepo jumuiya za watumia maji, zipewe nafasi ya kusema. Mpango wa mto unaotungwa na wanaouchota huheshimiwa bila mgambo.

Nimetaja mengi, na simtegemei mtu mmoja ayafanye yote. Haba na haba hujaza kibaba. Mwenye bati akinge maji, mwenye ng'ombe ajenge birika, mwenye lori achague pa kuchimba, mwenye shamba aache ukanda wa nyasi. Ukame hatuwezi kuuzuia. Mvua haiko mikononi mwetu. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba ukame ukija unaukuta mto wenye mchanga wake, kivuli chake na angalau kidimbwi kimoja kisichoguswa.

Tuna muda kabla ya Desemba. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huwa tunafanya usafi mbele ya nyumba na maduka yetu. Mwezi huu, tukimaliza hapo, tushuke pamoja hadi korongoni. Tuzoe taka, tuzungushie kisima miiba, tukubaliane ni kidimbwi kipi tutakiacha kwa ajili ya samaki. Njoo na gunia, njoo na panga la kukatia miiba, na umlete mtoto mmoja ili naye ajifunze kazi hii.